Rangi ya Lori la Kina Yasuoka

Kadota Shigemi alipeleka barua kwa pikipiki kwenye milima ya machenza ya Kajinoura kwa miaka thelathini na minane, na siku aliyostaafu wenzake wa posta walidhani hatataka kuiona pikipiki tena maishani. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Mwaka ule ule alinunua moja kuukuu. Ya pili alipewa na mjane aliyetaka nafasi ya kuweka friji. Ya tatu aliitoa kwenye banda la kuku, na ya nne hakupata kumwambia mkewe ilikotoka. Alipofikisha miaka sabini banda lake la nyuma lilikuwa limefurika vyuma, na majembe na ngazi za kuchumia machenza zikawa zinalala nje chini ya turubai.

Pikipiki zake zote zilitengenezwa kabla ya mwaka wa sitini na tano, na hakuna hata moja iliyong'aa. Hilo lilikuwa suala la msimamo. Kadota aliamini kwamba chuma kikishapata kutu yake kwa haki, kwa mvua na kwa kazi, hakuna mwanadamu mwenye ruhusa ya kuifuta. Injini ataifungua, pistoni ataibadilisha, kabureta ataisafisha mpaka unaweza kunywea chai, lakini ngozi ya nje haigusi. Na huo ulikuwa msimamo mmoja tu kati ya mingi. Kipimo cha petroli, alisema, kinamfanya dereva kuwa mjinga. Yeye aliyumbisha pikipiki kwa nyonga na kusikiliza tangi. Kitufe cha kuwashia ni cha lifti; pikipiki inapigwa kiki. Mlio wa injini usikike mpaka kona ya pili, halafu upotee, watu waendelee na mambo yao. Na mtu anayeleta pikipiki mkutanoni ikiwa juu ya tela, hiyo kwake haikuwa pikipiki tena, ilikuwa mzigo.

"Watu wengine wakizeeka wanapata dini," mkewe Hatsue alimwambia binti yao Naoko kwa simu. "Baba yako amepata maoni."

Mkutano wenyewe ulifanyika Jumapili ya tatu ya kila mwezi, kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyofungwa kwa kukosa watoto. Walikuja wanaume kumi, kumi na watano, wengi wastaafu, wakapanga vyuma vyao kwenye mstari wa mbio uliofifia, wakala matonge ya wali na kubishana. Aliyebishana na Kadota kuliko wote alikuwa Ninomiya, daktari wa meno kutoka mji wa Uwajima, mdogo kwake kwa miaka kumi na tano. Ninomiya alikuwa na mashine tatu za zamani zilizopulizwa rangi kwa mkono wake mwenyewe, katika chumba alichokijenga kwa kazi hiyo tu, na ziling'aa kiasi kwamba wenzake walikuwa wakichana nywele kwenye matangi yake.

"Hii umeivalisha meno ya bandia, Daktari," Kadota alimwambia siku moja, akiizunguka pikipiki nyekundu mikono ikiwa mgongoni.

"Meno ya bandia yanatafuna, mzee wangu," Ninomiya akamjibu. "Ya kwako yameoza, halafu unayaita historia."

Watu walicheka, na Kadota alicheka pia, ila kwa muda mfupi kuliko wengine. Kwa miaka mingi wawili hao hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote chenye magurudumu.

Lakini kitu alichokitaka Kadota kuliko vyote hakikuwa pikipiki kamili. Kilikuwa lori la magurudumu matatu la mwaka wa hamsini na sita, lile la aina inayoendeshwa kwa usukani wa pikipiki, dereva akikaa juu ya tandiko kama mpanda farasi, na pembeni yake kiti kidogo cha abiria kisichomfaa mtu mnene. Zamani kila familia ya machenza iliyojiweza ilikuwa nalo. Sasa lilikuwa limebaki moja, juu kabisa ya kijiji, nyuma ya jiko la Bibi Yasuoka Kimi, kati ya ukuta wa mawe na mianzi. Mianzi ilikuwa imetoboa sakafu ya bodi na kutokea juu. Rangi yake ilikuwa ya kijani iliyopauka, yenye mabaka ya kutu ya rangi ya chai, na Kadota alipokuwa akiiangalia alihisi kitu ambacho wanaume wengine wa umri wake walikihisi wakitazama wajukuu.

Alikuwa amelipita kila siku ya kazi tangu mwaka wa sabini, alipokuja kwenye njia ile akiwa kijana wa posta mwenye kofia kubwa kuliko kichwa. Siku hizo lilikuwa bado linatembea, likiendeshwa na shemeji yake Kimi. Mumewe Kimi alikuwa ameshafariki.

Mwaka uliofuata kustaafu kwake Kadota alipanda kwa bibi na sanduku la keki za maharage, akapiga hodi.

"Posta," alisema Kimi mlangoni. Alikuwa na miaka themanini na hakuwahi kumwita kwa jina lingine. "Nilisikia umestaafu."

"Nimestaafu, bibi. Nimekuja kuuliza habari ya lori."

Kimi alimkaribisha, akammiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na rangi utafanyaje?"

Kadota alifurahi kuulizwa, maana jibu lake alikuwa nalo miaka yote. "Sitaigusa, bibi. Hata kidogo. Litabaki hivyo hivyo kama lilivyo."

Kimi aliweka kikombe chake chini. "Basi liache hapo lilipo," akasema, na akamuulizia hali ya mkewe.

Ikawa hivyo kwa miaka kumi na moja. Kila msimu wa machenza ulipokwisha Kadota alipanda na keki zake, na kila mara bibi alimuuliza habari ya rangi, na kila mara alimjibu vile vile, kwa maneno mengi zaidi mwaka hadi mwaka, na kila mara alirudi mikono mitupu. Kwake yeye bibi alikuwa mtu makini, mwenye kulipenda lori la marehemu, anayemjaribu kama kweli moyo wake umetulia. Alimheshimu zaidi kwa hilo. Alimsimulia Ninomiya mara nyingi, kwa makusudi, kama mfano wa mwenye mali anayejua thamani ya mali.

Mwaka wa kumi na mbili Kimi alianguka jikoni akavunjika nyonga. Mwanawe alikuja kutoka Matsuyama, akamtafutia nafasi katika nyumba ya wazee chini mjini, mashamba akayakodisha kwa jirani, na nyumba ikafungwa. Kabla ya kuondoka Kimi alimwita Kadota.

"Lichukue," alisema. Safari hii hakuuliza kitu.

Kadota aliikata mianzi kwa msumeno wa mkono, shina baada ya shina, ili asilikwaruze. Likateremshwa kwa winchi na wanaume saba wa mkutano, Ninomiya akiwa mmoja wao, maana kubishana ni kitu kimoja na kusaidiana ni kingine. Kisha Kadota akajifungia bandani miaka miwili. Injini ilikuwa imekwama kama jiwe. Aliiloweka mafuta miezi mitano, akiigonga kidogo kila asubuhi kwa nyundo ya mbao, mpaka siku moja ikasogea upana wa ukucha. Alitafuta vipuri kisiwa kizima cha Shikoku na kuvuka maji mpaka Oita. Sakafu ya bodi aliijenga upya kwa mbao za mwerezi. Lori likapita ukaguzi, likapata namba, na rangi ya kijani haikuguswa hata kwa kitambaa chenye sabuni.

Jambo moja tu halikumkalia sawa, na hakulisema kwa mtu. Alipofungua vyuma vinavyoshikilia tandiko, aliona chini yake doa la buluu. Alijiambia ni rangi ya chini ya kiwandani, akafunga bolti zake akaendelea na kazi.

Asubuhi moja ya Oktoba aliliendesha mpaka nyumba ya wazee, Hatsue akiwa kwenye kile kiti kidogo, ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili. Mhudumu alimleta Kimi uani kwa kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi miguuni. Alikuwa na miaka tisini na tatu sasa, amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale. Kadota alizima injini na kusimama wima kando ya lori, kama alivyokuwa akisimama zamani akisubiri mtu atie sahihi.

Kimi aliliangalia kwa muda mrefu.

"Posta," alisema. "Hili ni lori la nani?"

"La kwenu, bibi. Lile la nyuma ya jiko."

"Letu lilikuwa la buluu."

Mhudumu alimtazama Kadota kwa jicho la huruma, kama kumwambia ndiyo hali ya uzee. Kadota alitabasamu kwa adabu. "Bibi, mimi nimeliona kwa macho yangu tangu mwaka wa sabini. Ni la kijani."

"Uliliona likiwa kwa Toraichi," Kimi akasema. "Mume wangu alilinunua la buluu. Nililipanda pale pembeni miaka kumi na miwili. Alipofariki, hata siku arobaini na tisa za matanga hazijaisha, ndugu yake akaja akalichukua. Hakuniuliza. Wiki mbili baadaye nikamwona anashuka nalo, amelipaka kijani. Alisema kijani kinaficha uchafu."

Hakuinua sauti. Alieleza kama mtu anayeeleza bei ya chumvi.

"Lilipomfia akalirudisha usiku, akalitupa nyuma ya jiko langu. Nikasema vizuri, nitalitazama mpaka aje aliondoe mwenyewe na kwa mdomo wake aombe radhi. Aliishi miaka thelathini zaidi, mita mia mbili kutoka kwangu. Hakuja."

Hatsue aliangalia chini.

"Miaka kumi na moja nakuuliza utafanyaje na rangi," Kimi aliendelea, "na wewe unanijibu kama mtu anayejisifu."

"Nilidhani unanipima, bibi."

"Nilikuwa nakupima. Ulikuwa unashindwa."

Kisha akamwambia mhudumu anasikia baridi, akarudishwa ndani.

Walirudi nyumbani taratibu. Lori liliingizwa bandani na likakaa siku tisa bila kupigwa kiki. Siku ya pili alifungua tena vyuma vya tandiko. Alikwangua kwa ukucha, halafu kwa kisu. Buluu iliendelea kila alikokwangua, chini ya kijani, mpaka kwenye kona za boneti. Ilikuwa nzuri, iliyopakwa kwa uangalifu. Ile ya kijani ilikuwa imepigwa kwa brashi, na mahali pengine unyoya wa brashi ulikuwa umebaki ndani ya rangi.

Siku ya kumi, wakati wa chakula cha mchana, alifungua mdomo.

"Hata ile ya kijani imekaa miaka hamsini," alisema. "Ni kweli Toraichi alikosea. Lakini lori limeishi hivyo. Nikiifuta nami nitakuwa nimefanya kama yeye, nimepaka ninachotaka."

Hatsue alikuwa akitoa miiba ya samaki. "Baba Naoko, ulipeleka barua miaka mingapi?"

"Unajua."

"Ulikuwa unazifungua kwanza kuona kama zinakupendeza?"

Kadota alichukua kipande cha samaki.

"Lori ni la nani?" Hatsue akauliza.

"Langu. Nina karatasi zake."

"Basi kaa na karatasi," akasema, akamsogezea bakuli la supu.

Kajinoura nzima hapakuwa na mtu wa kupuliza rangi ya namna ile, na Uwajima alikuwepo mmoja tu. Kadota aliona aibu kumpigia simu. Aliona njia ya heshima ni kuomba miadi kama mgonjwa mwingine yeyote, na Alhamisi iliyofuata akalazwa kwenye kiti, kitambaa cha karatasi kifuani, taa usoni.

"Nini kinakusumbua, mzee?" Ninomiya aliuliza nyuma ya barakoa.

"Nataka kupaka rangi lori."

Ninomiya hakushangaa, au kama alishangaa barakoa ilimficha. "Fungua mdomo," alisema, akaingiza kioo. "Fungua zaidi. Lori lipi? La kina Yasuoka?"

"Aah."

"Lile la kijani kisichoguswa. Lile ulilotuhubiria Jumapili ngapi sijui."

"Aah."

"Hapa nyuma pana tundu. Umeacha muda mrefu. Nadhani nalo ni historia." Alichokonoa kidogo, Kadota akashika mikono ya kiti. Kisha Daktari akatoa kioo, akavua glavu na kukaa kwenye kistuli. "Haya, nieleze vizuri."

Kadota alimweleza kila kitu, hata lile doa la buluu alilokuwa amelifunika. Alipomaliza, Ninomiya alizungushazungusha kistuli.

"Msasa utapiga wewe, kwa mkono," alisema hatimaye. "Mashine itakula chuma, ni chembamba kama karatasi. Mimi nitapuliza. Na usiogope, sitaling'arisha. Lori la kubeba machenza mwaka wa hamsini na sita lilikuwa halina mng'aro baada ya msimu mmoja. Mimi si mpumbavu kama unavyodhani."

"Sijawahi kudhani wewe ni mpumbavu."

"Umewahi kusema."

"Kusema nimesema," Kadota alikubali.

Alipiga msasa siku ishirini na mbili. Kijani kilitoka kama unga na kumwingia masikioni, na Hatsue akamkatalia kuingia ndani kabla ya kukung'utwa. Hakufurahia kazi ile, na hakujidanganya kwamba anaifurahia. Mara mbili aliacha katikati akaenda kukaa kando ya pikipiki zake zenye kutu. Wakati huo Ninomiya alichanganya rangi akijaribu kuifikia buluu ya chini ya tandiko, lakini ile iliyokuwa gizani miaka sitini haikuwa sawa na ile iliyotembea juani, na hakuna aliyejua ipi ndiyo yenyewe isipokuwa mtu mmoja. Basi wakaenda wote wawili nyumba ya wazee na vibati saba, kila kimoja na buluu yake, wakavipanga juu ya blanketi la Kimi.

"Ilikuwa kama aproni iliyofuliwa sana," Kimi aliwaambia. Akakitupa cha kwanza pembeni, cha pili, cha tatu. "Hii ni ya polisi. Hii ni ya plastiki." Alibakiza cha sita, akakiweka karibu na dirisha, akakiangalia kwa jicho moja kisha kwa jingine. "Siyo yenyewe. Lakini itapita."

Ninomiya, aliyekuwa akikipenda cha pili, alikiokota akakitia mfukoni.

Mwisho wa Novemba machenza yalikuwa yanachumwa milima yote. Jirani aliyekodi mashamba ya kina Yasuoka alikubali kreti ishirini ziteremshwe kwa lori lile. Kimi aliletwa kwa gari la nyumba ya wazee mpaka pale njia inapoanza kushuka, na mhudumu na Hatsue wakamwinua na kumweka kwenye kiti cha pembeni, wakamfunga mkanda ambao Kadota alikuwa ameushona kwa ajili yake. Hakikuwa kiti cha mtu mnene, na yeye hakuwa mnene. Alipitisha kiganja chake juu ya chuma cha mbele, mara moja, na kukirudisha mapajani.

Kadota alipiga kiki. Injini ilikohoa ikanyamaza. Akapiga tena, na tena.

"Marehemu alikuwa anapiga mara moja," Kimi akasema.

"Marehemu alikuwa na miaka thelathini, bibi."

"Na mguu mzuri."

Mara ya tano iliwaka. Waliteremka taratibu, kuta za mawe zikiwa karibu sana pande zote mbili, kreti zikitikisika nyuma. Kwenye kila kona Kimi alimwelekeza: hapa piga honi, hapa kaa upande wa mlima, hapa usishike breki, achia tu. Kadota alikuwa ameipita njia ile kwa pikipiki maelfu ya mara na alidhani anaijua. Alitii kila neno. Katikati ya mteremko Kimi aliacha kuelekeza, na Kadota hakugeuka kumtazama, maana aliona si haki yake.

Kwenye kituo cha kupakia, wafanyakazi walisimamisha mkanda wa kuchambulia wakatoka nje. Wazee wawili walilitambua lori kabla hawajamtambua Kimi. Mmoja wao alivua kofia na kusema jina la mumewe, "La Masaharu hilo," na Kimi akamwitikia kwa kichwa. Mtu alimpa chenza kutoka kwenye kreti zake mwenyewe. Alilimenya, akala kipande kimoja, akasema siku hizi yamekuwa machachu. Kisha gari la nyumba ya wazee likaja kumchukua, akaondoka bila kuaga kwa maneno mengi.

Alifariki mwezi wa pili mwaka uliofuata, kwa homa ya mapafu. Kadota na Hatsue walikwenda mazishini kwa basi.

Jumapili ya tatu ya mwezi wa tatu lori lilifika kwenye uwanja wa shule kwa mara ya kwanza tangu libadilike. Wanaume waliacha matonge yao wakalizunguka. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, fundi bomba mstaafu, aliuliza kwa upole, "Mzee Kadota, na yale maoni yako?"

"Yapo pale pale," Kadota akajibu. "Pikipiki zangu siwezi kuzipaka." Alifikiri kidogo. "Hili halikuwa langu kutoa maoni."

Mwezi wa tano Ninomiya alipata habari ya pikipiki ya mwaka wa hamsini na nane, iliyokaa ghorofani kwenye nyumba ya mfugaji wa zamani wa nondo wa hariri, upande wa pili wa mlima. Walikwenda wote wawili kwa gari la Daktari. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa miaka themanini na saba, mpweke, mwenye maneno mengi. Ninomiya alitaka kupanda ngazi mara moja akaione. Kadota alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, akapokea chai, na kumwomba mzee aanze tangu siku ilipoletwa, nani aliileta, nani aliipanda na rangi yake ilikuwa ipi. Mzee alizungumza saa moja na nusu. Daktari alitazama saa yake mara nne, na ngazi ilikuwa pale pale nyuma yao.